Uyoga wa Magogo: Historia ya Moto, Merikebu na Misitu

Tarehe 19 Septemba 1991, Helmut Simon na mkewe Erika, wapanda milima kutoka mji wa Nürnberg nchini Ujerumani, walikuwa wakiteremka katika milima ya Ötztal, mahali ambapo Austria inapakana na Italia. Kwenye kimo cha mita 3,210 juu ya usawa wa bahari wakaona kiwiliwili cha mtu kimechomoza katika barafu iliyokuwa ikiyeyuka. Ilidhaniwa hapo mwanzo kuwa ni maiti ya mtembezi aliyepotea miaka ya karibuni. Uchunguzi ulipokamilika, ikabainika kwamba mtu huyo alifariki dunia yapata miaka 5,300 iliyopita, kabla mafirauni hawajajenga mapiramidi ya Giza.

Mengi yamesemwa juu ya shoka lake la shaba, upinde wake ambao haujamalizwa kuchongwa, na kigumba cha mshale kilichoonekana begani mwake mwaka 2001. Kidogo sana kimesemwa juu ya uyoga aliokuwa nao. Katika vitu vyake mlikuwamo vipande viwili vya uyoga mgumu, vimetungwa kwenye kanda za ngozi. Katika kimfuko cha mkanda wake, pamoja na vijembe vya gumegume, mlikuwamo bonge jeusi ambalo wachunguzi walilichukulia kwanza kuwa ni utomvu wa mti. Hadubini ikaonyesha kuwa nalo ni uyoga, tena umetwangwa na kuchambuliwa ukawa laini kama pamba. Ndani yake zilionekana chembe za madini yale ya manjano yanayotoa cheche yakigongwa kwa gumegume. Kwa maneno mengine, mtu yule alikuwa amebeba kiberiti chake.

Uyoga huo, wapenzi wasikilizaji, si ule wa kuchuma baada ya mvua na kutia katika mchuzi wa karanga. Huu hauna mguu wala mwavuli. Huota ubavuni mwa mti mkongwe au juu ya gogo lililoanguka, ukajitokeza kama rafu ya kuwekea vyombo au kama kwato ya farasi. Ukiugeuza, huoni zile mbavu nyembamba zilizopangika kama kurasa za kitabu, bali unaona maelfu ya vitundu vidogo, kana kwamba mtu ameudunga kwa sindano. Kila kitundu ni mdomo wa mwanzi mwembamba, na katika kuta za mwanzi huo ndimo zinamozaliwa mbegu za uyoga, au spora kama wataalamu wanavyoziita. Ni kwa ajili ya vitundu hivyo Pier Antonio Micheli, mtaalamu wa mimea wa mji wa Florence, alitumia katika kitabu chake cha mwaka 1729 jina la Kigiriki Polyporus, maana yake wenye vitundu vingi. Huyu Micheli alizichukua spora, akazipanda juu ya vipande vya tikiti, na akaona uyoga wa namna ileile umeota. Wanazuoni wengi wa zama zake walishikilia kuwa uyoga huzuka wenyewe kutokana na uozo, na kazi yake haikupewa uzito ulioistahili. Ubishi huo ungeendelea kwa zaidi ya miaka mia moja, na gharama yake haikuwa ndogo.

Ama kuhusu wingi wa spora hizo, aliyejitahidi kuzihesabu ni Arthur Henry Reginald Buller, Mwingereza aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Manitoba mjini Winnipeg nchini Kanada mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hesabu yake, uyoga mmoja mkubwa wa jamii inayoitwa Ganoderma hudondosha spora bilioni 30 kwa siku, na huendelea hivyo kwa takriban miezi sita. Zote hizo hupita katika vitundu ambavyo jicho huviona kwa shida.

Kutumia uyoga wa magogo kuwashia moto hakukuanza na yule mtu wa barafuni. Huko Star Carr, kaskazini mwa Uingereza, mwanaakiolojia Grahame Clark alifukua kati ya mwaka 1949 na 1951 makao ya wawindaji walioishi kando ya ziwa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Pamoja na mapembe ya kulungu na mikuki ya mifupa, uliokotwa humo uyoga wa kwato kwa wingi. Vipande hivyo alikabidhiwa E. J. H. Corner avitambue, naye alikuwa ndiye hasa mtu wa kazi hiyo. Miaka kadhaa kabla, akiwa katika bustani ya mimea ya Singapore, alikwisha kueleza jinsi nyuzi za uyoga wa namna hii zinavyosukwa: nyingine za kukua, nyingine za kufunga, nyingine za kuupa mwili ugumu wa mbao.

Katika Afrika Mashariki wazee walipekecha moto kwa ulindi, kijiti kigumu kinachosokotwa baina ya viganja juu ya kipande cha mti laini mpaka unga wa moto ushike nyasi kavu. Watu wa Ulaya ya kaskazini, penye unyevu na baridi kali, walihitaji kitu kitakachopokea cheche moja tu na kuihifadhi. Uyoga wa kwato, ambao wataalamu huuita Fomes fomentarius, ndio uliowafaa. Matayarisho yake yalikuwa kazi ya ustadi. Gamba la juu lilibanduliwa kwa kisu, na mianzi ya chini ikakatwa na kutupwa. Kilichotakiwa ni tabaka la katikati tu, lenye rangi ya hudhurungi na ulaini wa ngozi ya swala. Tabaka hilo lilichemshwa katika maji ya majivu, likapondwa kwa nyundo ya mti hadi likatanuka mara kadhaa ya ukubwa wake, likakaushwa, kisha mara nyingi likachovywa katika maji ya shura na kukaushwa tena. Kipande kilichotengenezwa hivyo hakiwaki kwa ndimi. Hupokea cheche ya chuma na gumegume, kikafuka polepole, na mtu akiweza kutembea nacho kutwa. Wafaransa walikiita amadou, neno ambalo husemekana limetoka katika lugha ya kusini mwa nchi hiyo kwa maana ya mpenzi, kwa jinsi kinavyoshika moto upesi.

Biashara yake ilikuwa kubwa kuliko inavyodhaniwa leo. Katika vijiji vya Msitu wa Thuringia nchini Ujerumani, familia nzima zilikula na kuvaa kwa kuponda uyoga. Bidhaa hiyo iliuzwa kwa wavuta tumbako na askari, kwa wenye bunduki za utambi na kwa madaktari wa meno, ambao waliitumia kunyonyea mate. Katikati ya karne ya 18 wapasuaji wa Ufaransa waliisifu kwa kuzuia damu baada ya kukata kiungo. Ni dhahiri kwamba wachumaji nao hawakujua kiasi. Kadiri miti mikongwe ilivyokatwa, ndivyo uyoga ulivyoadimika katika sehemu nyingi za Ulaya ya kati, na wafanyabiashara wakalazimika kuuagiza kutoka mbali zaidi mashariki.

Kilichokuja kuimaliza biashara hiyo hakikuwa uhaba bali ugunduzi. Mwaka 1827, katika mji wa Stockton-on-Tees, muuza dawa John Walker alianza kuuza vijiti vilivyowaka kwa kusuguliwa. Mwaka 1844 Mswidi Gustaf Erik Pasch akapata haki ya kiberiti cha usalama, kile kinachowaka kwa kusuguliwa ubavuni mwa sanduku lake tu. Neno kiberiti lenyewe, lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, lilikuwa na maana ya madini ya salfa kabla ya kuitwa hivyo vijiti vya moto. Katika kipindi cha miaka michache ufundi uliodumu kwa zaidi ya miaka 10,000 ukawa kitu cha kuonyeshwa watalii. Leo mahali panapojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Corund, kijiji cha Transylvania nchini Romania, ambako mafundi wachache wangali wakitengeneza kofia na mikoba kwa uyoga ule ule.

Kuna uyoga mwingine wa magogo uliosifika kwa tiba, nao unastahili kutajwa japo kwa ufupi. Dioscorides, tabibu wa Kiyunani wa karne ya kwanza, aliufungua mlango wa tatu wa kitabu chake cha dawa kwa uyoga mweupe na mchungu aliouita agarikon. Waarabu wakaliita ghariqun, na Ibn Sina akautaja katika Kanuni yake. Nchini China uyoga mwekundu unaong'aa kama uliopakwa vanishi, lingzhi, uliheshimiwa kama alama ya maisha marefu. Na ule mtu wa barafuni? Mwaka 1998 mtafiti wa Kiitalia Luigi Capasso alitoa rai kwamba vile vipande viwili vilivyotungwa kwenye ngozi vilikuwa dawa ya minyoo, kwa kuwa matumboni mwake yalikutwa mayai ya minyoo. Rai hiyo inavutia, lakini wapo wataalamu waliosema kwamba ushahidi wake hautoshi, na hoja yao ina nguvu. Kukuta minyoo na uyoga kwa mtu mmoja hakuthibitishi kuwa kimoja kilitumiwa dhidi ya kingine.

Hadi hapa uyoga wa magogo umeonekana kuwa rafiki wa binadamu. Waingereza wa karne ya 17 wasingekubali. Mwaka 1684 Samuel Pepys, aliyerejeshwa kusimamia mambo ya jeshi la majini, alikwenda kukagua merikebu 30 mpya za mfalme. Nyingi kati yao zilikuwa hazijaenda vitani, nazo zilikuwa zikioza zikiwa zimefungwa nanga. Kwa mujibu wa maelezo yake, alichuma humo kwa mikono yake uyoga wenye ukubwa wa ngumi. Mbao zilikuwa mbichi, mashimo ya merikebu yalikuwa hayapitishi hewa, na hakuna aliyekuwa akiyasafisha.

Msiba huo ulijirudia wakati Uingereza ilipokuwa ikipigana na Napoleon. Misitu ya mialoni ilikuwa imekwisha kukatwa sana, na viwanda vya manowari havikuwa na nafasi ya kusubiri mbao zikauke. Manowari Queen Charlotte, moja ya manowari kubwa kabisa za taifa hilo, ilishushwa majini mwaka 1810. Kabla haijafanya safari yoyote ya maana ilionekana imeoza kiasi cha kuhitaji kujengwa upya kwa sehemu kubwa. Mwaka 1812 aliitwa James Sowerby, mchoraji mashuhuri wa mimea na uyoga, akaingia ndani ya manowari ile kama mtu aingiavyo msituni, na kuorodhesha uyoga uliokuwa ukiota humo, ukiwemo wa jamaa ya vitundu. Ni nadra kwa taifa kulazimika kumwita mtaalamu wa uyoga ili ajue kwa nini linashindwa na bahari.

Dawa moja ilipatikana katika Bahari ya Hindi. Mbao za msaji zina mafuta yanayoifanya kuvu ishindwe kuzila kwa urahisi, na mafundi wa Kiparsi wa ukoo wa Wadia katika bandari ya Bombay walizijua vyema. Uingereza ikaagiza huko merikebu kadhaa. Mojawapo, Trincomalee, iliyoshushwa majini mwaka 1817, ingali ikielea Hartlepool, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Bombay pia ndiko ilikojengwa mwaka 1826 manowari ya mizinga 74 ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, iliyoitwa Liverpool. Mwaka 1836 Seyyid Said aliitoa zawadi kwa Mfalme William wa Nne, nayo ikabadilishwa jina na kuitwa Imaum. Mfalme alijibu kwa kumpelekea jahazi la anasa, Prince Regent. Historia husimulia tukio hilo kama adabu baina ya watawala, na ndivyo lilivyokuwa. Hata hivyo haifai kusahau kwamba serikali iliyopokea zawadi ile ilikuwa imepoteza fedha nyingi mno kwa mialoni iliyooza, na kwamba manowari ya msaji kwao haikuwa pambo tu.

Swali la msingi lilikuwa bado halijajibiwa: je, kuvu ndiyo inayoozesha mti, au mti ukishaoza ndipo kuvu huzuka? Jibu lilipatikana ndani ya familia moja ya Kijerumani. Georg Ludwig Hartig alikuwa miongoni mwa waasisi wa elimu ya misitu. Mwanawe, Theodor, alitazama mbao zilizooza kwa hadubini na mwaka 1833 akachapisha alichokiona: nyuzinyuzi laini zilizojaa ndani ya seli za mti. Jicho lake halikumdanganya, ila tafsiri yake ilikwenda kombo. Aliamini kwamba seli za mti zenyewe, zinapokufa, hugeuka kuwa kuvu.

Mjukuu, Robert Hartig, aliyezaliwa mwaka 1839, ndiye aliyelipindua wazo la baba yake. Katika vitabu vyake viwili, kimoja cha mwaka 1874 na kingine cha mwaka 1878, alifuatilia nyuzi zile kutoka ndani ya mbao hadi kwenye uyoga unaojitokeza nje ya gome, akaonyesha kuwa ni kiumbe kimoja. Uyoga unaoonekana ni tunda tu, na mwili wenyewe umo ndani, ukila. Alionyesha tena kwamba kila aina huozesha kwa namna yake. Kuna zinazoacha mbao za kahawia, zilizopasukapasuka kama mkate mkavu, na kuna zinazoacha mbao nyeupe, laini, zenye nyuzi. Baadaye ilieleweka kwamba za kwanza hula selulosi na kuiacha lignini, ile gundi ngumu inayoupa mti nguvu ya kusimama, ilhali za pili huweza kuivunja hata lignini yenyewe. Viumbe wenye uwezo huo ni wachache mno duniani.

Ugunduzi wa Hartig ulikuwa ushindi wa elimu. Matokeo yake msituni yalikuwa ya pande mbili. Kwa kuwa kuvu ilikuwa sasa imethibitishwa kuwa mshambuliaji, wasimamizi wa misitu walianza kuihesabu kama adui. Mti wenye uyoga ulikatwa. Gogo lililoanguka liliondolewa lisije likaambukiza mengine. Msitu mzuri ukawa ni msitu uliofagiliwa kama ua wa nyumba. Kwa baadhi ya aina hadhari hiyo ilikuwa na msingi, kwani zipo zinazoshambulia mizizi ya misonobari hai na kuleta hasara kubwa hadi leo. Lakini aina zilizo nyingi huishi kwa mti uliokwisha kufa au ulio njiani kufa, nazo zilihukumiwa pamoja na wakosaji.

Hesabu ya hasara hiyo imefanywa vizuri zaidi nchini Finland. Watafiti wa huko wamekadiria kwamba viumbe wa msituni 4,000 hadi 5,000, yaani kati ya mmoja katika watano na mmoja katika wanne, hutegemea miti iliyokufa kwa chakula au makazi: kuvu, mbawakawa, ndege watoboa miti na wengineo. Katika misitu ya kusini mwa nchi hiyo inayovunwa kwa ajili ya mbao na karatasi, miti iliyokufa imepungua kwa zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi ikilinganishwa na msitu wa asili. Uyoga wa vitundu ambao zamani ulikuwa wa kawaida juu ya misonobari mikubwa iliyoanguka sasa umo katika orodha ya viumbe walio hatarini.

Wataalamu wa nchi za kaskazini wameutafiti uyoga wa Afrika Mashariki pia. Mnorwe Leif Ryvarden pamoja na Inger Johansen walichapisha mwaka 1980 kitabu juu ya uyoga wa vitundu wa eneo hilo. Mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, wakishirikiana na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kitabu juu ya uyoga wa Tanzania, unaolika na usiolika. Huko gogo lililoanguka haliondolewi na wasimamizi wa misitu peke yao. Mara nyingi huondoka kichwani mwa mama anayetafuta kuni, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Mzozo mkubwa wa miaka ya karibuni kuhusu miti iliyokufa ulitokea katika msitu wa Białowieża, ulio kati ya Poland na Belarus, mabaki ya misitu ya kale iliyopata kuifunika nyanda za Ulaya. Aina zaidi ya 200 za uyoga wa vitundu zimeandikishwa humo. Mwaka 2016 serikali ya Poland iliruhusu ukataji uongezwe mara tatu katika sehemu ya msitu huo. Hoja yake ilikuwa kwamba wadudu wa magome walikuwa wakiua misonobari, na kwamba miti iliyokufa lazima iondolewe ili iliyo hai iokolewe. Wapinzani walijibu kuwa wadudu na vifo hivyo ni sehemu ya maisha ya msitu, na kuwa mti uliokufa ukibebwa, kinachobebwa pamoja nao ni makazi ya maelfu ya viumbe. Wanaharakati walijifunga kwa minyororo kwenye mashine za kukatia. Mwezi Julai 2017 Mahakama ya Ulaya iliamuru ukataji usimamishwe, na mwezi Novemba ikaonya kuwa Poland ingelipa faini ya angalau euro 100,000 kwa kila siku ya ukaidi. Hukumu ya mwisho ilitolewa tarehe 17 Aprili 2018: ukataji ule ulivunja sheria za Umoja wa Ulaya. Waziri wa mazingira aliyeuanzisha, Jan Szyszko, alikuwa ameondolewa madarakani mwezi Januari mwaka huo.

Nako Finland, watafiti walikwenda hatua ya ziada. Mwaka 2016 walitangaza matokeo ya jaribio lao: walikuwa wamekuza katika maabara aina za kuvu za magogo zinazokaribia kutoweka, wakazipeleka msituni na kuzipandikiza ndani ya misonobari iliyoanguka, kisha wakarudi baadaye kuchunguza kama zimeshika. Baadhi zilikuwa zimeshika.